Kisa cha E Isiyosikika

Hadithi hii si ya zamani, wala haina sungura na fisi. Ina lori, simu, maembe, na herufi moja ndogo ambayo Wafaransa huiandika na mara nyingi hawaitamki. Binti tutakayemfuata ni wa kutungwa. Sarufi itakayomsumbua ni ya kweli, na watungaji wa mitihani wanaipenda mno.

Binti huyo anakaa Wazo, Manispaa ya Kinondoni, upande ule ambao ukiinua macho unaona kilima kinachochimbwa mawe ya chokaa, na chini yake kiwanda cha saruji ya Twiga kilichoanza kusaga mwaka 1966. Shuleni kwao anasoma Kifaransa. Mjomba wake ni dereva wa lori la masafa marefu: Morogoro, Mbeya, Tunduma, kisha anaikata Zambia mpaka Kasumbalesa na kuingia Lubumbashi. Lubumbashi wanazungumza Kiswahili, sokoni na nyumbani, Kiswahili chenye ladha yake chenyewe. Lakini kusoma na kuandika wengi wao wamefundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mtu akishika simu kuandika mambo ya biashara, vidole huelekea huko.

Jioni moja mjomba karudi, kaegesha, kaoga, kakaa barazani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama. Chukua simu hii umwandikie yule mama wa vitenge wa Lubumbashi. Mwambie nimefika Dar salama. Andika hicho Kifaransa chenu cha shule, aone na sisi tumo.”

Binti akaandika: “Bonjour Madame. Je suis arrivée à Dar es Salaam.” Akatuma. Jibu likaja kabla hajamrudishia mjomba simu: “Merci, mademoiselle. Et le chauffeur, il est arrivé aussi ?” Yaani, asante binti, na dereva je, naye amefika?

Mjomba akaikodolea macho simu. Namba ni yake. Picha ni ya lori lake. Hakuna jina la mtu lililoandikwa. Huyu mama, kilomita zote hizo, kajuaje kwamba aliyeandika ni msichana?

Kajulishwa na e. Ile e ya pili ya “arrivée”, inayokaa mwishoni kimya.

Sasa tulieni niwaeleze. Sisi tukitaka kusema jambo limekwisha kutendeka, tunapachika -me- tumboni mwa neno na kazi imeisha: nimefika. Mfaransa anahitaji maneno mawili. La kwanza ni kitenzi kisaidizi. La pili ni kitenzi chenyewe katika umbo linaloitwa “participe passé”. Sisi hapa tuliite umbo timilifu. Wasaidizi wapo wawili tu: “être”, ambaye ni kuwa, na “avoir”, ambaye ni kuwa na. Wanafanana kazi, ila tabia zao ni mbalimbali kabisa, na kisa chote kinatokana na tofauti hiyo.

Être ana vitenzi vichache alivyovichagua, vingi vya kwenda na kurudi: kufika, kuondoka, kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuanguka, pamoja na safari zile mbili kubwa, kuzaliwa na kufa. Être akiwapo, umbo timilifu humtazama mtenda. Mwanamume akifika, “il est arrivé”. Mwanamke akifika, “elle est arrivée”. Wanaume wengi, “ils sont arrivés”. Wanawake wengi, “elles sont arrivées”. Yasomeni kwa sauti hayo maumbo manne: arrivé, arrivée, arrivés, arrivées. Yote yanasikika “arive”. Mtu anayekusikiliza hajui umeweka nini mwishoni. Anayekusoma anajua kila kitu.

Binti wetu darasani kazoea kujiandika yeye mwenyewe, na akijiandika yeye ni lazima aweke e. Akasahau kwamba jioni ile “je” hakuwa yeye, alikuwa mjomba. Kwa hiyo hakukosea Kifaransa, alikosea mtu.

Kwetu siri kama hiyo haiwezi kuvuja. Shangazi amefika, mjomba amefika. A- haina jinsia. Lakini msije mkadhani Kiswahili hakijali. Kinajali, tena kuliko Kifaransa, ila kinajali mengine: mtoto amefika, basi limefika, meli imefika, kitabu kimefika, vitabu vimefika, unga umefika. Mfaransa ana makundi mawili tu ya majina, la kiume na la kike, na kila moja lina umoja na wingi. Mtoto wa Wazo wa miaka minne, ambaye hajajua hata kufunga kamba za viatu, anaendesha makundi mengi zaidi ya hayo bila kutoa jasho. Ndiyo maana nashangaa nikisikia mwanafunzi wa Kitanzania analalamika kwamba upatanisho wa Kifaransa umemshinda. Upatanisho gani utakaomshinda mtu aliyelelewa na ngeli?

Jambo moja la Être niliseme kabla hatujamwacha. Bibi, mama, shangazi na dada watano wakifika harusini, Kifaransa kinaandika “elles sont arrivées”. Mmoja wao akiwa amebeba mtoto mchanga wa kiume naye akahesabiwa, sentensi yote inageuka: “ils sont arrivés”. Kitoto cha wiki mbili, usingizini, kimewageuza wanawake wanane kuwa kundi la kiume. Mimi sioni haki hapo. Lakini hiyo ndiyo kanuni inayosahihishwa shuleni, na ukiiacha unapoteza alama.

Sasa Avoir, ambaye ndiye mwenye vituko.

Avoir anashika vitenzi vingine karibu vyote: kununua, kula, kuona, kuandika, kufungua. Na Avoir hamtazami mtenda hata kidogo. Anunue baba, anunue mama, wanunue watoto mia, umbo timilifu halitikisiki: “il a acheté”, “elle a acheté”, “ils ont acheté”. Anachotazama ni kile kilichotendwa. Na hata hicho hakitazami kila mara. Anakitazama kikiwa kimetangulia tu.

Nimenunua embe: “J'ai acheté une mangue.” Embe ni la kike kwa Wafaransa, lakini hakuna e ya ziada, kwa sababu limekuja nyuma ya kitenzi. Embe nililonunua: “La mangue que j'ai achetée.” Embe limetangulia, na e imeingia. Konda wa daladala linalokwenda Tegeta anadai nauli ya abiria aliyekwisha kupanda. Anayesubiri kituo cha mbele hamjui bado, hawezi kumdai. Avoir ni hivyo hivyo. Kilichokwisha kutajwa anakijua, anakipatanisha. Kitakachotajwa baadaye hakimhusu.

Na hapa, wanangu, ndipo Kiswahili kinapowapa kitu ambacho mtoto wa Paris hana. Yeye anaikariri kanuni hii kama mtu anayekariri namba za simu za watu asiowajua. Ninyi mnaifanya kila siku. Tazameni tena sentensi zetu wenyewe. “Nimenunua embe”: kitenzi hakina alama yoyote ya embe. “Embe nililonunua”: pana -lo-, nayo ni ya embe. “Embe nimelinunua”: pana -li-, nayo ni ya embe, na Mfaransa hapo anasema “La mangue, je l'ai achetée”, kwa e ile ile. Kitu kikitangulia, kitenzi chetu kinageuka nyuma na kukitambua. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja imezaliwa pwani ya Afrika Mashariki na nyingine ni mtoto wa Kilatini, zimekutana kwenye tabia moja.

Ushauri wangu basi ni huu. Ukisimama kwenye sentensi ya Kifaransa yenye Avoir ukashindwa kujua uongeze herufi au usiongeze, isemee moyoni kwa Kiswahili. Ukisikia -lo-, -yo-, -cho-, -vyo- au -zo- ya kile kilichotendwa, tafuta herufi ya kuongeza.

Binti wetu alipotulia, akamwandikia yule mama ujumbe wa pili: vitenge ulivyoagiza vimefika. “Les pagnes que vous avez commandés sont arrivés.” Sentensi hiyo ina wasaidizi wote wawili, na kila mmoja kapata haki yake. Ule -vyo- wa “ulivyoagiza” umetoa s ya “commandés”, na ule vi- wa “vimefika” umetoa s ya “arrivés”. Hakuna e kwa kuwa “pagne”, vazi la akina mama wote wa Lubumbashi, kisarufi ni la kiume. Msiniulize kwa nini. Muulizeni Mfaransa, naye hajui.

Kuna mfano mwingine unaonifurahisha zaidi, kwa sababu ni mdogo na watu wanaupita. Mtu akikuuliza kama umewahi kula maembe ya Muheza, unajibu: maembe nimekula. Lakini akikuuliza yako wapi yale maembe aliyoyaacha mezani, na umeyamaliza, unajibu: nimeyala. La kwanza ni maembe kiasi, yasiyojulikana ni yapi. La pili ni yale yale ya mezani. Mfaransa anatenganisha hapo hapo. La kwanza: “Des mangues, j'en ai mangé”, bila nyongeza ingawa maembe yametangulia, maana “en” haishiki kitu kizima, inamega tu. La pili: “Je les ai mangées”, na e na s zote zipo.

Msishangilie mapema, lakini. Kiswahili kitakubeba mpaka mahali fulani, kisha kitakutupa mtaroni, na mitaro ni miwili.

Mtaro wa kwanza ni watu. Sisi mtu hatumpiti bila kumgusa, awe mbele awe nyuma: nimemwona bibi. Ukisema “nimeona bibi” utaulizwa umetokea wapi. Sasa mwanafunzi anayesikia -m- anakimbilia kuweka e: “J'ai vue ma grand-mère”. Si sahihi. Avoir hana heshima ya pekee kwa watu. Bibi akija nyuma ya kitenzi anachukuliwa kama embe lililokuja nyuma. “J'ai vu ma grand-mère.” Bibi akitangulia tu ndipo anapata e yake: “Ma grand-mère, je l'ai vue hier.”

Mtaro wa pili ni wa anayepewa na anayeambiwa. Wale mlio sekondari mmesikia yambwa tendwa na yambwa tendewa, mkayaandika kwenye daftari na kuyasahau. Leo yana kazi. Katika “nimewapigia simu”, wale wa- ni watendewa. Kilichopigwa ni simu. Kiswahili kinawapa alama ndani ya kitenzi kama kinavyokipa kitu kilichotendwa. Kifaransa kinakataa: “Je leur ai téléphoné”, bila s, wawe wangapi. Avoir anapatana na mtendwa peke yake. Chukueni “barua niliyompa”. Kitenzi hicho kina alama mbili, -yo- ya barua na -m- ya mtu. Mfaransa anaandika “La lettre que je lui ai donnée”, na ile e ni ya barua. Mpokeaji anaweza kuwa mwanamke, mwanamume, hakimu au mwizi, e haibadiliki. Fuata -yo-, iache -m-.

Hata kunawa kuna mtego: msaidizi ni Être, lakini hapa anafuata kanuni ya Avoir. “Elle s'est lavée”, amejiosha, mtendwa ni yeye mwenyewe na katangulia, e ipo. “Elle s'est lavé les mains”, amenawa mikono, mtendwa ni mikono na imekuja nyuma, e imeondoka. Maji ni yale yale na mtu ni yule yule. Hapo hata walimu huvuta pumzi kabla ya kusahihisha.

Mtasema: kama haisikiki, ya nini yote haya? Sikilizeni vizuri, kuna mahali inasikika. “J'ai ouvert la porte”, nimefungua mlango: t ya “ouvert” inalala. “La porte que j'ai ouverte”, mlango niliofungua: e imekuja, t imeamka na inagongwa. Vivyo hivyo kwa “écrit” na “écrite”, “mis” na “mise”, “pris” na “prise”, “fait” na “faite”. E yenyewe haisemi kitu, lakini inampa sauti jirani yake. Anzeni na vitenzi hivyo. Sikio likizoea, mkono utafuata.

Na hii kanuni ya kutazama nyuma ilitoka wapi? Si ya tangu na tangu. Zamani Wafaransa walipatanisha huku na kule, wengine kitu kikiwa mbele, wengine kikiwa nyuma, wengine wasijali. Karne ya 16 palikuwa na mshairi aitwaye Clément Marot, mtu wa kasri la mfalme François I. Marot aliwahi kukimbilia Italia, na huko aliona namna Waitalia wanavyoandika. Mwaka 1538 likatoka shairi lake fupi la kuwafundisha wanafunzi wake kwamba neno lililotangulia ndilo linaloamuru lile linalofuata, akiwataja Waitalia kuwa ndio mfano wa kuigwa. Wanasarufi waliokuja baadaye, akiwemo Vaugelas mwaka 1647, wakaendelea kuikanda, na shule za umma zilipoenea ikawa fimbo ya kupimia nani kasoma na nani hakusoma. Kichekesho ni kwamba Waitalia wenyewe leo wameilegeza: katika sentensi kama ile ya “embe nililonunua”, kwa kawaida wanaliacha umbo timilifu lilivyo. Mwalimu katupa chaki, mwanafunzi bado anaandika.

Majaribio ya kuipunguza makali yamekuwapo. Mwaka 1900 waziri wa elimu wa Ufaransa, Georges Leygues, alitoa agizo kwamba watahiniwa wasiadhibiwe wakiacha upatanisho wa Avoir. Académie française, baraza linaloilinda lugha hiyo, likapinga, na agizo jipya la 1901 likauacha msamaha huo katika hali chache tu. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili waliowahi kuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, wakaandika katika gazeti la Libération wakitaka umbo timilifu la Avoir liachwe bila kubadilika kabisa. Gumzo likawaka Ubelgiji na Ufaransa, wengine wakisema lugha inabomolewa, wengine wakisema watoto wanapoteza saa nyingi mno kwa herufi isiyosikika. Mimi moyo wangu uko kwa Wabelgiji hao, ingawa nakiri kwamba kanuni ikibaki, hasara haitakuwa ya watoto wetu, wazungumzaji wa Kiswahili. Ninyi ndio mngekuwa wepesi kuliko wote. Kwa sasa msahihishaji bado ana kalamu nyekundu. Mpeni anachotaka.

Imebaki sentensi moja, na mtoto wa Wazo hawezi kuikwepa. Pembezoni mwa Dar es Salaam, kila mtu anajenga au anasema atajenga. Matofali yamepangwa mbele ya nyumba, mifuko ya saruji imefunikwa turubai, fundi anasubiri malipo ya nusu. Mjomba naye ana kiwanja, na siku moja atataka kumtumia yule mama wa vitenge picha yenye maneno: nyumba niliyojengesha. Nyumba, “maison”, ni ya kike. Imetangulia. Pana -yo-. Kila kitu tulichosema kinadai “faite”.

Si hivyo. “La maison que j'ai fait construire.” Mjomba hakuitengeneza nyumba kwa mikono yake; alifanya ijengwe, fundi ndiye aliyejenga. “Fait” ikifuatwa na kitenzi kingine kinachosema kazi iliyofanyika, haipokei e wala s, siku zote, hata nyumba zikiwa kumi na zote za kike. Ile -esha yetu ya kujengesha ndiyo kengele yenu: mkiisikia, na Mfaransa akaitafsiri kwa “fait” na kitenzi kingine, e ibaki kwenye kalamu. Fundi mwenyewe, aliyepanga tofali moja moja, ataandika “La maison que j'ai construite”, na t yake itasikika mpaka Boko.